Kumfungua Msiri Aliyeoshwa

Eliada Mgaya aliingia kwenye karakana ya Benadeta Chaula bila kupiga hodi, na fundi akajua papo hapo kwamba mambo si mazuri. Nyuma yake alikuja wifi yake, Yusta, akihema, mkono mmoja kiunoni. Ukungu wa Njombe ukaingia nao mlangoni. Eliada alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge, kama mtu aliyebeba kichanga kwenye baridi.

"Shikamoo mama," Benadeta akasema, akainuka.

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea msiri."

"Wa nani?"

"Wa Tuli wangu. Ameshaoshwa."

Benadeta akakaa tena. Hakunyoosha mkono kumpokea.

Zama hizo kila mtoto aliyezaliwa alipewa msiri wake. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kinakaa sebuleni, na kidude kingine kidogo kilichokaa nyuma ya sikio la mtoto kikawaunganisha popote alipo. Msiri alimfundisha mtoto kuhesabu, akambembeleza akiota ndoto mbaya, akamkumbusha dawa ya minyoo, akasikiliza umbea wake wote na asiutoe nje hata kwa mzazi. Mama yeye aliangalia taa ya kisanduku tu. Taa ikiwa ya kijani asubuhi, mtoto ni mzima, jifunge khanga yako nenda kazini. Halafu mtoto akishakuwa mtu mzima, msiri alioshwa mbele ya ukoo. Mwenyewe anabonyeza, yote aliyosema tangu utoto yanafutika, mashangazi wanapiga vigelegele, watu wanakula. Utoto wa mtu ni wake. Na msiri aliyeoshwa hafunguliwi, kama vile kaburi halifukuliwi. Wala haikuhitajika sheria kumwambia mtu hivyo.

"Mama, aliyeoshwa hafunguliwi," Benadeta akasema taratibu.

"Najua."

"Na mwenyewe yuko wapi? Maana mwenye ruhusa ni yeye."

Yusta ndiye aliyejibu.

"Mwenyewe yuko hospitali, hajitambui. Macho yamekuwa ya njano kama kiini cha yai. Daktari anasema kuna kitu alikuwa anameza, kimemla ini. Vinaletwa kwa njia za panya, vijana wa chuo wanauziana. Viko vya namna mbili, na kila kimoja kina dawa yake ya kukitoa mwilini. Akipewa isiyo yake, ndiyo tumemmaliza kwa mikono yetu."

"Damu haioneshi?"

"Kimeshavunjikavunjika, hakitambuliki. Daktari anataka jina. Wenzake tumewauliza, wote wamekuwa mabubu, wanaogopa kufukuzwa chuo. Amebaki huyu." Yusta akagonga kitenge kwa kidole. "Huyu alikuwa anasikia kila kitu."

Benadeta alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole wa macho, aliyesomea kazi hiyo Mbeya na akarudi nyumbani kuifanya. Watu walimletea diski zilizoungua, zilizozama, zilizokanyagwa na ng'ombe, na yeye akatoa humo picha za harusi na hati za kesi za mashamba. Msiri aliyeoshwa hakuwahi kumfungua. Aliangalia kile kitenge kwa muda, halafu akamwangalia Eliada.

"Nitatafuta jina la hicho kitu. Nikilipata, nafunga. Sitafuti kingine, na wewe mama hutaniomba kingine. Tumeelewana?"

"Hata ungeniambia nikatwe kidole, mwanangu, ningekubali."

"Sitaki kidole. Nataka ukumbuke ulivyosema." Ndipo akampokea msiri kwa mikono miwili. "Sasa niambie ukweli. Tangu aoshwe, mmemwasha?"

Eliada akamwangalia wifi yake.

"Mwambie," Yusta akasema. "Mwambie na kurekodi kwako."

Desturi ilikuwa kwamba kitu cha kwanza kutiwa ndani ya msiri aliyeoshwa kiwe vigelegele vya mashangazi, ili nyumba ile tupu isikae na ukiwa. Vigelegele vya pumzi moja, basi, anazimwa. Lakini Eliada siku ile alikuwa na furaha ya kupitiliza. Binti yake wa pekee, mzima, amefika. Akamwacha msiri arekodi sherehe yote: kwaya, hotuba ya mwenyekiti wa kijiji, kuku wakichinjwa, mvua ilivyopiga bati, watoto wakigombea soda.

"Hata mimi nikigombana na mpishi amenirekodi," Yusta akasema. "Mpaka matusi yangu yamo humo."

"Na leo asubuhi nikamwasha tena," Eliada akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka kumuuliza mwenyewe. Nikadhani labda anakumbuka."

Benadeta hakumgombeza, na Eliada aliona afadhali angegombezwa. Fundi alivuta kigoda akaketi mbele yake, goti kwa goti.

"Nikueleze, ili usiendelee kujipiga. Mashine ikiambiwa futa, haichukui kitu ikaenda kukitupa. Ni mvivu. Inachofanya ni kung'oa vibao kwenye nyumba. Kibao hakipo, mtaa unaonekana mtupu, lakini watu bado wamo ndani wamekaa. Tatizo ni mgeni akija na mizigo. Anaambiwa hapa ni kiwanja, jenga. Anabomoa, anajenga."

"Na mimi nimejenga."

"Umejenga, mama. Tuombe umejenga upande mmoja."

Benadeta akafungua kisanduku kwa bisibisi nyembamba, akatoa diski, kijipande kisichozidi ukucha wa dole gumba, akaipachika kwenye kifaa kilichoruhusu kusoma na kukataa kuandika. "Hapa vitu vinatoka tu," akasema, "haviingii. Hata nikisinzia nikakosea, nimefungwa mikono." Kisha akawasha mashine yake.

Eliada alitegemea picha na rangi. Akaona kioo cheusi na herufi nyeupe. Ulikuwa mfumo wa zamani sana, wa enzi za mababu, ambao mafundi wameurithishana bila kuutupa. Haukuwa na sauti ya kubembeleza wala sura ya mtu anayetabasamu. Benadeta aliandika mstari mmoja, akabonyeza, akasubiri. Akikosea herufi, mashine inamwambia umekosea hapa. Akiwa sahihi, inanyamaza inafanya kazi. Eliada alikuwa amezoea mashine zinazomwita mpendwa na kumwambia kila kitu kiko sawa. Akiwa ameketi pale kwenye benchi, mikono baina ya mapaja, alijikuta anaipenda ile iliyonyamaza.

"Unaandika nini?"

"Naiambia ichukue taswira ya diski. Yaani inakili diski yote, chembe kwa chembe, mpaka palipo patupu. Hasa palipo patupu. Halafu asili tunaiweka pembeni, haiguswi tena. Nikiharibu, naharibu nakala."

Walisubiri. Yusta alitoa mihogo ya kuchemsha kwenye mkoba akamwekea kila mtu kwenye karatasi, Eliada akaushika wake hadi ukapoa. Taswira ilipokamilika, Benadeta aliiambia mashine ipige hesabu moja ndefu ya diski, kisha hesabu ileile ya taswira, zikatokea namba mbili juu na chini, ndefu kama reli. Akazipitia kwa kidole, herufi kwa herufi, akisoma kwa kunong'ona kama mtu anayesali. Angeweza kuiachia mashine izilinganishe. Alitaka macho yake yaone.

"Zinafanana. Hata tundu la sindano halijabadilika." Akaitoa diski, akaifunga kwenye karatasi ya fedha, akaitia droo na kuifunga kwa ufunguo.

Simu ya Eliada ikalia. Alikuwa mumewe, aliyebaki hospitali kando ya kitanda cha binti yao.

"Mama Tuli, mmefikia wapi?"

"Tumeanza. Anaendeleaje?"

"Anatapika damu sasa." Baba Tuli akapumua. "Daktari amesema hili si jambo la kusubiri kesho. Nyie fanyeni, mimi nipo naye hapa."

Eliada akakata simu. Hakuhitaji kuwaeleza wenzake, kila mmoja alikuwa amesikia.

Benadeta akageuka kwenye kioo, na tangu hapo mikono yake haikupoa. Alieleza huku akiandika, si kwa kujionesha. Ni kwamba alimwona yule mama atapasuka akiachwa na ukimya. Majina ya faili yote yameng'olewa, akasema, lakini kila faili ya sauti huanza na herufi zake zilezile, kama barua zinavyoanza kwa salamu. Kuna kijiprogramu kitakachotembea kwenye taswira kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakiangalii vibao, kinasikiliza salamu tu. Kikiisikia, kinajua hapa pana mtu.

Na kweli, zikaanza kutokea. Faili moja, kumi, mia, hazina majina, zimepewa namba tu, zinaangukia kwenye folda moja kama karanga zinazopukuchuliwa. Eliada akashika mdomo. Maisha ya mwanawe, yaliyofutwa mbele ya watu mia mbili na kupigiwa makofi, yalikuwa pale yote yamekaa gizani yanasubiri kuitwa. Alistaajabu, na katikati ya kustaajabu kwake akaingiwa na hofu. Ni wasiri wangapi waliooshwa Njombe hii wakauzwa mnadani kwa bei ya vyuma chakavu?

"Lazima nijaribu moja nione kama sauti ni nzima," Benadeta akasema. "Nachukua ya zamani kabisa, ya utotoni. Nadhani hiyo haitamuudhi."

Akabonyeza. Karakana ikajaa sauti ya kitoto, nyembamba, yenye mafua.

"Msiri, kwa nini kuku hana meno? Mama anasema eti ni kwa sababu hakupiga mswaki. Ni kweli? Mimi jana sikupiga, lakini usim—"

Na hapohapo, katikati ya neno, yakapasuka vigelegele. Vigelegele vikali vya watu wazima, na ngoma, na sauti ya Yusta mwenyewe ikipaa juu ya zote: *Mwali wetu huyooo!* Halafu mvua kwenye bati.

Benadeta akazima. Yusta alikuwa amejifunika uso kwa upande wa khanga. "Mimi," akasema. "Nimemkalia mtoto mdomoni."

"Tumemkalia wote," Eliada akasema.

Faili zilikuwa maelfu. Kuzisikiliza zote kungechukua msimu mzima. Lakini msiri, Benadeta akaeleza, kila alichosikia alikiandika pia kwa herufi, faili ndogondogo, na herufi zinatafutika. Unaipa mashine neno, inalisaka kwenye faili zote hizo, hata kwenye vipande vilivyovunjika. Akaandika *kidonge*. Kioo kikafurika. Dawa ya minyoo, dawa ya malaria, msiri akimbembeleza Tuli wa darasa la kwanza ameze, Tuli akikataa. Akaandika *tumbo*, *ini*, *maumivu*. Vilevile. Utoto wa watu ni matumbo na vidonge.

"Nahitaji neno la karibuni. La tangu aingie chuo. Kila mtoto humpa msiri wake jina, si ndiyo? Alimwitaje?"

"Bebi," Eliada akasema bila kufikiri. "Bebi, tangu anaanza kusema."

Benadeta akaandika *Bebi*. Zikaja nyingi, Bebi nisimulie, Bebi nimekojoa, Bebi mama kanichapa. Zikafika darasa la tano zikakoma. Baada ya hapo hakuna Bebi hata mmoja.

"Alimbadilisha jina, mama. Jina jipya ni nani?"

Eliada akatafuta. Alijua saizi ya viatu vya Tuli. Alijua hawezi bamia, na kwamba akilala huuma meno. Kila asubuhi ya Mungu kabla ya kwenda kuchambua maparachichi kiwandani alikuwa ameangalia ile taa, na kila asubuhi ilikuwa ya kijani, na yeye akashukuru akaenda. Jina hakulijua. Hakuwahi kuuliza; aliyekuwa anajua kila kitu alikuwepo nyumbani, wa nini kumsumbua mtoto kwa maswali?

"Kalinga," Yusta akasema, akiangalia sakafu.

Eliada akageuka. "Wewe umejuaje?"

"Aliniambia. Tulikuwa tunachambua maharage."

"Lini?"

"Wifi, si sasa."

Benadeta aliandika *Kalinga*, akaongeza neno *kumeza*. Mashine ikakaa kimya, ikatoa sehemu moja tu. *Kalinga, nimeanza kumeza zile za*, na kuanzia hapo zilikuwa takataka, alama na vipande vya herufi visivyosomeka. Benadeta hakuhitaji kusema ni nini. Ilikuwa sherehe. Kuku, hotuba, soda. Eliada aliuangalia ule mstari uliokatika, akausoma tena na tena.

"Bado," Benadeta akasema. "Tulia. Bado."

Akafikiri, kucha kwenye meno. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyemkumbuka rafiki.

"Hawa wazee walioutengeneza mfumo huu, mama, walikuwa watu wa kuogopa. Kama wewe. Walisema, je, umeme ukikatika mashine ikiwa katikati ya kuandika? Basi wakaifundisha: kabla hujaandika kitu mahali pake, kiandike kwanza pembeni. Ukishakiweka mahali pake salama, cha pembeni hukihitaji tena, kiache. Msiri naye, ndani kabisa, ni mfumo huuhuu. Waliomvisha sauti tamu hawakubadilisha mifupa."

"Na hicho cha pembeni kinafutwa?"

"Pembeni huandikwa kwa mzunguko. Kinaandikiwa juu zamu yake ikifika. Kama zamu haijafika, kipo. Huko bado sijatafuta."

Akaiambia mashine iende pembeni. Eliada hakusali kwa maneno. Moyoni alikuwa amewashika watu asiowajua, wazee waliokufa siku nyingi katika nchi asizozijua, walioogopa umeme kukatika, akawashika kama mtu anavyoshika nguzo. Kioo kikaandika. Kipande kizima, hakijakatika, kina mwanzo na kina mwisho. Mstari wa kwanza ukasomeka wazi:

*Kalinga, hili mama asilisikie hata nikifa.*

Benadeta akafunika kioo kwa kiganja.

Nje lori la maparachichi lilipita likitikisa madirisha.

"Toa mkono," Eliada akasema.

"Mama."

"Jina limo humo. Mwanangu anatapika damu. Toa mkono wako."

"Jina limo, ndiyo, na mengine yamo. Siwezi kufika kwenye jina bila kuyapita. Nami siwezi kukufunga macho." Mkono wa Benadeta haukutoka. "Amesema hata nikifa. Hakusema isipokuwa nikiumwa. Nitasoma mimi."

"Wewe nani kwake? Mgeni ndiye asome, mama yake asisome? Nimemzaa! Nimemlea kwa—"

"Nitasoma mimi," Yusta akasema.

Alisema kwa upole, na hilo lilimkera Eliada kuliko kama angepiga kelele.

"Kwa nini wewe?"

"Kwa sababu mimi shangazi yake. Msichana akiwa na lake, anampelekea nani? Ndiyo kazi yangu tangu hakujawa na wasiri. Hivi visanduku vilitupumzisha tu, havikutufukuza kazi." Akamshika wifi yake bega. "Tuli hakusema shangazi asisikie. Amekutaja wewe. Sasa kama unataka apone halafu akuangalie usoni, inuka."

"Ni mwanangu, Yusta."

"Ni wako. Ndiyo maana nakwambia inuka."

Wenzangu wenye watoto, kuna mlima mrefu kuliko hatua tatu za kutoka kwenye benchi mpaka mlangoni? Eliada aliinuka. Alifika mlangoni akasimama, mgongo kwao, akisikia Benadeta akiondoa mkono kwenye kioo. Angegeuka, hakuna ambaye angemzuia. Herufi zilikuwa kubwa, na macho yake yalikuwa bado mazuri. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Mwanamke mmoja alikuwa anauza viazi kwa kipimo cha sado chini ya mwavuli, akamsalimia, Eliada akaitika bila kujua ameitika nini. Alifikiri kila ambacho mtoto anaweza kumficha mama yake. Mimba. Mwanamume. Kufeli. Akavifikiria vibaya zaidi, ambavyo mama havitamki hata moyoni. Na kila alipofika kwenye kimoja alijiona ameshakisamehe kabla hajakimaliza kukifikiria, akashangaa: kama ningesamehe upesi hivi, mtoto aliogopa nini? Nini usoni mwangu kilimfanya aone bora afe?

Ndani akasikia sauti ya Yusta kwenye simu, kubwa, inayotamka kwa herufi kama inaita watoto shuleni. "Lumiko. Ndiyo, daktari. L, U, M, I, K, O. Za rangi ya kijivu. Tangu Pasaka. Ndiyo, nina hakika. Ameyasema mwenyewe."

Eliada akaegemea ukuta. Lumiko. Neno lile halikumwambia kitu.

Yusta alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Akamkumbatia wifi yake pale barabarani mbele ya muuza viazi.

"Wanampa dawa sasa hivi. Daktari amekimbia nikiwa bado naongea."

"Amesema nini, Yusta? Kwa nini alikuwa anameza?"

"Amesema Lumiko."

"Wifi."

"Eliada," akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu wamejuana. "Hilo mimi nimeshalimeza."

Benadeta aliwaita ndani akamwonesha Eliada alichokuwa anafanya, kwa sababu alitaka aone. Taswira aliihamishia kwenye kadi ndogo. Kisha mahali ilipokuwa kwenye mashine yake aliamuru paandikwe sifuri, sifuri tupu, juu ya kila nyumba na kila kiwanja, na pale pembeni pia. "Huku ndiko kufuta," akasema. "Kule kwenye sherehe mlikuwa mnang'oa vibao tu. Waambie na wenzako." Diski ya asili aliitoa kwenye droo, akaiweka pamoja na kadi kwenye kibahasha, akakifunga kwa gundi, akaandika juu yake jina la Tuli.

"Si vyangu kufuta, na si vyako kusikiliza. Mpe mwenyewe."

"Kwa nini unaniamini navyo?"

"Kwa sababu umetoka nje," Benadeta akasema. "Mimi sijui kama ningetoka."

Tuli alikaa siku kadhaa kati ya kufa na kupona. Kibahasha kilikaa kwenye sidiria ya mama yake. Nyumbani, sebuleni, kisomeo cha kadi kilikuwepo, kusikiliza kungechukua muda wa kuchemsha chai tu. Eliada alikuwa anakipita akienda jikoni, anakipita akirudi. Siku moja alikitoa waya akampelekea jirani, akamwambia kaa nacho, nikija kukiomba ninyime. Jirani akamwona amechanganyikiwa kwa uchungu, akampa pole.

Njano ilipoanza kutoka machoni, Tuli aliomba maji. Baadaye akaomba uji. Siku ambayo aliweza kuegemea mto, Baba Tuli akatoka kwenda kununua mkate, wakabaki wawili.

"Mama," Tuli akasema, sauti imekwaruza. "Daktari amesema mlimpa jina. Mlilijuaje?"

Eliada angeweza kusema rafiki zako. Angeweza kusema damu imeonesha. Akatoa kibahasha, akakiweka juu ya shuka, kwenye mkono wa binti yake.

"Tulimfungua Kalinga."

Uso wa Tuli ukakauka. Aliangalia kibahasha, akaangalia dirisha, na machozi yakaanza kumteremka bila kwikwi.

"Nilimwosha. Mbele ya watu wote, nilimwosha!"

"Ulimwosha. Haikutosha. Fundi atakuonesha inavyofanyika ikatosha."

"Umesikiliza?"

"Shangazi yako ndiye amesoma. Mstari wa kwanza niliuona, kabla fundi hajaufunika. Nikatoka nje."

"Ukatoka."

"Nikatoka, mwanangu. Sijui ni kwa nini ulikuwa unameza vile vitu. Mpaka leo hii sijui."

Tuli akamwangalia kwa muda mrefu, akimchunguza kama anavyochunguzwa mtu anayekopa. Kisha hasira ikaja, na Eliada akaipokea, maana hasira ni ya watu walio hai.

"Ile taa," Tuli akasema. "Kila siku ulikuwa unaangalia ile taa. Nilikuwa nasimama pale pale mlangoni nimevaa viatu, wewe unaangalia taa unaondoka. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ningekuuliza, ungesema?"

Tuli akafikiri. Alikuwa mkweli tangu mdogo.

"Nisingesema," akajibu. "Lakini ungeuliza."

Nesi akapita na kigari chake, akachungulia, akaendelea. Eliada akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Jibu lingeweza kuwa lolote.

"Basi nakuuliza," akasema. "Ulikuwa na nini, mama?"

Tuli akageukia ukutani. Kibahasha alikuwa amekifumbata, na mabega yalikuwa yanatikisika. Eliada hakurudia swali. Hakusema mradi umepona, hakusema tuyaache. Alivua khanga yake akamfunika mgongo, akaketi tena akisubiri, na aliposikia mumewe anarudi kwenye korido na mkate, alinyoosha mguu akausukuma mlango ukajifunga, wabaki wawili.